OpenBSD: /var/log iko kwenye RAM, nifanyeje isipotee ruta ikizimika?

ticha_maabara (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na OpenBSD (mfumo endeshi wa familia ya Unix), hasa mliowahi kuiweka kwenye vifaa vidogo.

Nasimamia maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari hapa Tanga. Ruta yetu ni kiboksi cha PC Engines APU2, RAM ya GB 4, hakina feni wala skrini, na mfumo mzima umekaa kwenye kadi ya SD. Kinaendesha pf (kinga ya mtandao), dhcpd (inayogawa anwani za IP) na unbound (DNS) kwa ajili ya kompyuta za wanafunzi na za ofisi ya walimu. Kinafanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike, na hapa kwetu umeme haupigi hodi. Ukirudi, mara nyingine kiboksi hakifiki mwisho wa kuwaka. Nikichomeka kebo ya siriali nakuta hivi:

```
Automatic file system check failed; help!
Enter pathname of shell or RETURN for sh:
```

Kinakaa hapo kunisubiri, mimi niko darasani na kidato cha tatu, ofisi haina intaneti.

Kwa hiyo nimeamua kupunguza uandishi kwenye kadi. /tmp (faili za muda) na /var/log (zinakokaa logi, yaani kumbukumbu za matukio) nimezihamishia kwenye mfs, yaani mfumo wa faili unaokaa kwenye RAM:

```
swap /tmp mfs rw,nodev,nosuid,-s=128m 0 0
swap /var/log mfs rw,nodev,nosuid,noexec,-s=64m,-P=/hifadhi/log 0 0
```

Kuwaka kumekuwa afadhali, sasa tatizo ni logi. Mwongozo unasema -P hujaza mfs kutoka kwenye saraka unayoitaja. Kweli inajaza, lakini kila kiboksi kikiwaka napata logi zilezile za siku nilipoitengeneza saraka hiyo. Za jana hazipo. Mkuu wa shule anataka tuweze kujibu swali moja: anwani fulani, saa fulani, ilikuwa kwenye kompyuta ipi? Jibu lake liko /var/log/daemon, ambako dhcpd huandika.

Je, kuna chaguo la kuiambia mfs ijirudishe kwenye kadi inapozimwa? Na je, nikiiweka /var yote kwenye RAM ili nimalizane na mambo ya fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili wakati wa kuwaka), kuna ubaya gani?

---

chomeka_kebo

Mkuu, mimi nafanya hivi kwenye Linux na sioni shida: kron inaita rsync kila saa, inanakili kutoka RAM kwenda saraka ya diski, halafu kwenye skripti ya kuzima naiita mara moja ya mwisho. OpenBSD ina openrsync ndani yake tangu toleo 6.5, huhitaji kusakinisha kitu. Mistari miwili tu umemaliza.

---

BiWaya (Mombasa)

Mwalimu, salama. Nimelisoma swali lako taratibu kwa sababu hivi viboksi ndivyo kazi yangu, vingine viko mahali ambapo kufika ni boti kwanza halafu pikipiki. Nitajibu kwa urefu.

Chaguo la kurudisha halipo. -P ni ya kuingia tu. Unapopachika mfs, mount_mfs inaunda mfumo wa faili ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, kisha inaita pax (programu ya kunakili) mara moja inakili saraka uliyoitaja. Baada ya hapo hiyo saraka na mfs hazijuani tena. Andika `ps ax | grep mount_mfs` uone, mchakato upo na unaendelea kuishi, faili zako zote ziko ndani yake. Ukifa, zimekufa nazo.

Ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. McKusick, Karels na Bostic wa Berkeley walipoieleza mwaka 1990, waliitaka kwa ajili ya /tmp: faili za muda, ziandikwe haraka, zisipelekwe kwenye diski bila sababu. Wakaiweka kwenye kumbukumbu ya mchakato wa kawaida ili RAM ikibana kurasa zake ziweze kushuka kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM). Hapo kuna watu hudhani basi data iko kwenye swapu na inaweza kuokolewa. Haiwezi. Tangu 3.8 ya mwaka 2005 OpenBSD husimba swapu yenyewe bila kuambiwa, na funguo hazihifadhiwi popote. Mashine ikizimika, kilichoko kwenye swapu hakisomeki na mtu yeyote. Na kama swapu yako iko kwenye kadi hiyohiyo ya SD, mfs kubwa kupita RAM inarudisha uandishi ule ule uliokuwa unaukimbia. Kwa GB 4 na mfs za MB 128 na 64 huna wasiwasi huo. Ila jua jambo moja: ukifuta faili ndani ya mfs, RAM iliyokwisha kutumika hairudi kwa mfumo. Hivyo `-s` uiweke kwa kipimo unachokubali kukipoteza moja kwa moja.

Sasa /var yote kwenye RAM. Usifanye, mwalimu. Nakuomba kabisa. Ndani ya /var mna vitu vya aina tofauti sana vilivyokaa pamoja. /var/cron/tabs ndiko crontab ya root ilipo, kwa hiyo kazi ya kuhifadhi utakayoipanga leo itapotea umeme ukikatika kesho, na hutajua kwa nini imeacha kufanya kazi. /var/db/pkg ndiyo daftari la vifurushi ulivyosakinisha. Likirudi nyuma, pkg_add itakuwa inaamini mambo ambayo si kweli. /var/empty ikikosekana sshd (njia ya kuingia kwa mbali) haiwaki, na kiboksi kisicho na skrini bila sshd unakifahamu. Halafu kuna /var/db/host.random. Kila mashine ikiwaka, rc (skripti ya kuwaka) huisoma mbegu hiyo ya bahati nasibu kisha huandika mpya mahali pake. Ukiiweka kwenye RAM bila kuirudisha, kiboksi kitaanza kwa mbegu ileile kila mara. Kerneli ina vyanzo vingine inavichanganya humo, lakini kwa nini uidhoofishe kwa hiari yako?

Kwa hiyo RAM ipewe /tmp na /var/log, basi. /var iliyobaki iache kwenye kadi, patisheni ndogo, yenye noatime (isiandike kila faili linaposomwa), ili fsck yake iwe ya sekunde chache.

Na logi zenyewe usizitendee sawa zote. Jiulize kila faili: nikipoteza saa sita zake, nani ataumia? pflog (logi ya pf) ndiyo kubwa kuliko zote na kwa kawaida huitazami ila siku ukitafuta tatizo, ikipotea ipotee. /var/log/daemon na authlog (logi ya wanaoingia kwenye mfumo) ndizo zenye thamani. Za aina hiyo mahali pake pa kweli ni mashine nyingine. Kama una seva yoyote hapo shuleni, hata kompyuta kuukuu yenye Linux na rsyslog inayopokea kwa TCP, weka mstari huu kwenye syslog.conf, mipangilio ya syslogd inayoandika logi:

```
daemon.info;auth.info;authpriv.debug	@tcp://192.168.10.5:514
```

Mstari wa logi unaondoka kwenye ruta palepale unapozaliwa. Umeme ukikatika sekunde inayofuata, umeshafika. Hakuna ratiba ya kron inayoweza kushindana na hilo. Nakala ya kwenye kadi iwe akiba ya pili.

Akiba hiyo ya pili ndiyo nakuandikia sasa, na hapa sikubaliani na kaka chomeka_kebo. rsync juu ya saraka ileile ni sawa kwenye seva yenye umeme wa uhakika. Kwa mwalimu, umeme utakatika siku moja rsync ikiwa katikati, na hapo saraka ina nusu ya logi mpya na nusu ya zamani, hujui mpaka uko wapi, na ndiyo pekee uliyo nayo. Zaidi ya hapo, patisheni iliyo wazi kuandikwa saa zote ni patisheni ambayo fsck itataka kuikagua. Yaani umeitoa /var/log kwenye kadi kwa mlango wa mbele ukairudisha kwa mlango wa nyuma.

Ninachofanya mimi: patisheni ndogo peke yake kwa ajili ya akiba, imepachikwa ya kusoma tu. Inafunguliwa kuandikwa kwa sekunde chache wakati wa kuhifadhi, kisha inafungwa. Patisheni ya kusoma tu umeme hauichafui. Itakapowaka fsck inaiona safi inapita.

```
/dev/sd0h /hifadhi ffs ro,nodev,nosuid,noexec 1 2
swap /var/log mfs rw,nodev,nosuid,noexec,-s=64m,-P=/hifadhi/sasa 0 0
```

Mstari wa /hifadhi lazima utangulie, kwa sababu mount hufuata mpangilio wa fstab na -P itatafuta kitu ambacho bado hakijapachikwa.

Ndani ya /hifadhi kuna saraka mbili, a na b, na kiungo kinachoitwa `sasa` kinachoelekea moja kati ya hizo. Skripti inaandika siku zote kwenye ile ambayo `sasa` haielekei. Ikimaliza salama ndipo inakigeuza kiungo.

```
#!/bin/sh
# /usr/local/sbin/hifadhi-logi
h=/hifadhi
trap 'mount -ur $h' EXIT

case $(readlink $h/sasa) in
a) y=b ;;
*) y=a ;;
esac

mount -uw $h || exit 1
rm -rf $h/$y $h/sasa.mpya
mkdir $h/$y && cd /var/log && pax -rw -pe . $h/$y || exit 1

mount -ur $h && mount -uw $h || exit 1

ln -s $y $h/sasa.mpya &&
perl -e 'rename($ARGV[0],$ARGV[1]) or die' $h/sasa.mpya $h/sasa
```

Mstari wa `mount -ur` ukifuatiwa na `mount -uw` pale katikati unaweza kuonekana wa ajabu. Uache kama ulivyo. `sync` ikirudi haikuhakikishii kwamba kila kitu kimeshafika. Inaanzisha uandishi na inaweza kurudi kabla haujakamilika. Kufunga patisheni kuwa ya kusoma tu kunalazimisha kila kitu kifike kwanza. Nataka data yote iwe imetua ndipo kiungo kigeuke, isiwe kiungo kimegeuka kinaelekea saraka ambayo nusu yake bado iko hewani.

`-pe` kwenye pax usiiache. Inalinda mwenye faili na ruhusa zake. authlog ina ruhusa finyu kwa sababu maalumu, na syslogd ya OpenBSD haiundi faili isiyokuwepo: ukianza na mfs tupu, syslogd itakaa kimya haiandiki chochote. Kwa hiyo mara ya kwanza kabisa jaza /hifadhi/a kutoka /var/log halisi, uweke kiungo, ndipo uwashe upya.

Kuiita: `0 */6 * * *` kwenye crontab ya root, na mstari mmoja ndani ya /etc/rc.shutdown:

```
/usr/local/sbin/hifadhi-logi
```

Hiyo ya mwisho inashughulikia kuzima kwa heshima. Wafundishe walimu wenzako wasichomoe waya kiboksi kikileta shida. Watumie `shutdown -r now`.

---

nazi_na_alpine

Dada BiWaya, ahsante kwa maelezo. Nachangia kidogo kwa wanaotumia Linux wakisoma hapa. Alpine ina mtindo ambao mfumo wote unakaa kwenye RAM, na kadi inabaki ya kusoma tu. Ukibadilisha kitu unaandika `lbu commit`, na inatengeneza faili moja ya apkovl.tar.gz kwenye kadi. Kikiwaka tena inaifungua. Kwa kawaida inachukua /etc tu. Mengine unayaongeza kwa `lbu include`. Inaifungua kadi kuandikwa, inaandika, inaifunga, kama skripti yako.

Kwenye Linux ya kawaida, tmpfs bila kutaja size inachukua hadi nusu ya RAM, kwa hiyo kwenye vifaa vidogo itajeni. Na tmpfs ukifuta faili RAM inarudi, tofauti na hiyo mfs.

Swali langu: kwa nini perl? Si ungetumia mv tu?

---

BiWaya

Karibu, kaka. Hilo la lbu nalipenda, ni wazo lilelile na limefanywa vizuri: uandike pembeni, ufunge, mabadiliko yawe tendo la mtu aliyeamua.

Kuhusu mv. `sasa` ni kiungo kinachoelekea saraka. Ukiandika `mv sasa.mpya sasa`, mv inaona kwamba `sasa` inaishia kwenye saraka, inafikiri unataka kuiweka sasa.mpya *ndani* ya hiyo saraka. Utakuta /hifadhi/a/sasa.mpya na kiungo chako hakijageuka. Mv ya GNU ina `-T` ya kuzuia hilo. `ln -sfh` nayo inakifuta kiungo cha zamani kwanza ndipo inaunda kipya, na kati ya hapo kuna kitambo ambacho `sasa` haipo kabisa. Umeme ukikatika kwenye kitambo hicho, -P haina pa kusoma. rename ya kerneli haina kitambo hicho: jina linaelekea cha zamani, kisha linaelekea kipya. perl iko ndani ya mfumo wa msingi wa OpenBSD na rename yake ni ile ya kerneli moja kwa moja. Ndiyo maana.

 

---

umeme_wa_jua

Jamani mnahangaika sana. APU inakula volti 12 za DC. Weka betri ya gari ndogo na chaja yake, ruta haitazimika tena mwaka mzima. Yote hayo ya skripti hayahitajiki.

---

BiWaya

Betri aweke, namuunga mkono kabisa. Mimi mwenyewe naziweka. Lakini betri inachoka, terminali zinapata kutu (huku pwani ni upesi mno), na kuna siku mtu anahamisha meza anavuta waya. Betri inapunguza mara ambazo jambo litatokea. Skripti inaamua kitakachobaki likitokea. Watoto wa shule hii wanategemea hiki kiboksi kusoma, acha kiwe na vyote viwili.

---

ticha_maabara

Dada BiWaya, sijui nikushukuru vipi. Nimetengeneza patisheni ya /hifadhi na nimeiwekea skripti yako. Nimezima kwa shutdown, nimewasha, logi za kabla ya kuzima zimo zote. Nimeona mstari huu wa asubuhi umerudi salama:

```
dhcpd[48213]: DHCPACK on 192.168.10.57 to 00:00:5e:00:53:1a via em1
```

Mambo mawili yamebaki. Kwanza, dhcpd.leases, daftari la anwani ambazo dhcpd imegawa. Umesema /var/db ibaki kwenye kadi, lakini si nayo inaandikwa kila kompyuta inapoomba anwani? Asubuhi kompyuta zote za maabara zinawashwa kwa pamoja. Pili, nimegundua taa ya kadi inawaka sana dakika za mwanzo baada ya umeme kurudi, hata kabla wanafunzi hawajaingia. Ni nini kinaandika?

---

BiWaya

Mwalimu, hongera. Naanza na la pili kwa sababu umelitazama vizuri, wengi hawalioni.

Tangu 6.2 ya mwaka 2017, OpenBSD huiunganisha kerneli upya kila mashine inapowaka, kwa mpangilio mwingine wa bahati nasibu, ili mshambuliaji asijue kitu kiko wapi kwenye kumbukumbu. Huitwa KARL. Kazi hiyo inafanyika nyuma ya pazia baada ya huduma kuwaka, ndani ya /usr/share/relink, na matokeo yake yanawekwa /bsd. Kabla ya hapo rc huwa imeshaunganisha upya maktaba kadhaa. Kwenye kichakataji cha APU2 na kadi ya SD hilo linachukua muda, ndiyo taa unayoiona.

Tatizo kwetu ni kwamba umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingi hukatika tena muda si mrefu. Maana yake dakika ambazo kadi inaandikwa sana ndizo dakika ambazo umeme hauaminiki. Na kadi ya SD si diski ya zamani: ndani yake inaandika na kufuta kwa mafungu makubwa, ikikatwa katikati inaweza kuharibu hata data ya jirani ambayo hukuigusa. Kwa hiyo ile betri ya ndugu yetu umeme_wa_jua hapo ndipo inapolipa, hata kama inabeba nusu saa tu. Sehemu ya maktaba unaweza kuizima kwa `library_aslr=NO` ndani ya rc.conf.local. Mimi siizimi kwenye ruta inayoangalia intaneti. Kinga hiyo naitaka, na uandishi wa mara moja kila kuwaka nakubali kuulipia.

Kama bajeti ipo, APU2 ina nafasi ya mSATA. Hata diski ndogo kabisa ya mSATA itavumilia kuliko kadi ya SD. Mfumo ukae huko, na kadi ya SD ibaki kuwa /hifadhi.

Sasa dhcpd. Kompyuta za maabara hazihamihami, si ndiyo? Basi zipe anwani za kudumu ndani ya dhcpd.conf:

```
host maabara-07 {
	hardware ethernet 00:00:5e:00:53:1a;
	fixed-address 192.168.10.107;
}
```

Yenye anwani ya kudumu haiandikwi kwenye dhcpd.leases kabisa. Asubuhi zikiwaka zote kwa pamoja, faili halitikisiki. Zitakazobaki ni simu na kompyuta za mkononi za walimu, uandishi mdogo sana. Na tazama swali la mkuu wa shule limekwenda wapi: kwa kompyuta za maabara, jibu sasa liko ndani ya /etc/dhcpd.conf, faili ambalo unalo nakala yake kwenye laptopu yako. Chagua namba zifanane na namba ulizobandika kwenye mashine, 07 iwe .107, na mtu yeyote atasoma logi bila kukupigia simu. Hizo za kudumu ziweke nje ya `range`, zisije zikagongana na zinazogawiwa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoijali kuliko skripti, mwalimu. Kabla hujauliza namna ya kukiokoa kitu kilichoko kwenye RAM, uliza kama kinaweza kuwa mahali ambapo hakihitaji kuokolewa. Anwani zimehamia kwenye faili la mipangilio. Logi za maana zimeondoka kwenda seva nyingine. Kilichobaki kwa skripti ni kidogo, na kidogo hicho kikipotea saa sita zake hakuna anayelia.

Jambo moja la kufanya kabla hujaiamini: jaribio ulilofanya ni la kuzima kwa heshima. Fanya na la pili. Jumamosi, wanafunzi hawapo, chukua kadi nyingine, iwekee nakala ya mfumo huu, uichomeke badala ya hii. Kisha iache skripti ijirudie:

```
while :; do /usr/local/sbin/hifadhi-logi; sleep 1; done
```

na uchomoe waya wa umeme bila kungoja. Washa, angalia `sasa` inaelekea wapi na kama mafaili ndani yake yanasomeka mpaka mwisho. Rudia mpaka uridhike. Mara nyingi utaikuta /hifadhi imeomba fsck, kwa sababu kwa jaribio hili inakuwa wazi karibu muda wote. Hilo ni sawa. Unachotafuta ni `sasa` isiyoelekea kwenye saraka pungufu.

---

chomeka_kebo

Dada, nimeielewa hoja ya saraka mbili, nabadilisha zangu pia. Kwenye Linux kwenye ext4, `mount -o remount,ro` inafanya kazi ileile ya kungoja data itue?

---

BiWaya

Ndiyo, remount,ro inasukuma kila kitu kwanza, na itakataa kama kuna faili lililo wazi kwa kuandikwa. Likikataa, `fuser -vm /hifadhi` itakuonyesha ni nani. Na kwa kugeuza kiungo wewe unayo `mv -T`, huhitaji perl.

Mwalimu, ukishamaliza la Jumamosi tuma hapa matokeo ya `mount` na ya `ls -l /hifadhi`, nikuangalizie.